Radhi Aliyoandikishwa Tiana

Akalla, 20 Oktoba 2025

Gabrieli,

Huna haya. Mtu mzima mwenye ndevu, fundi wa lifti za watu, unakaa kimya huku mama yako anahojiwa na wasichana wawili wenye daftari kama mwizi wa kuku. Ulikuwa pale pale kwenye kochi, unatazama zulia. Nilidhani utafungua mdomo unitetee hata kwa neno moja, kumbe ulikuwa unataka kuwauliza kahawa wanakunywa na maziwa au bila.

Jua kwamba sikufukuzwa. Nimeondoka kwa miguu yangu. Begi nimelibeba mwenyewe mpaka stesheni ya Alby, nikabadilisha treni pale katikati ya Stockholm bila kumuuliza mtu, nikashuka Akalla mwisho wa reli. Niko kwa Mama Njuguna, yule Mkenya tunayesali naye. Simu nimeizima. Ujumbe wa kwenye simu alikuwa ananisomea Tiana, na kwa sasa sitaki kusomewa kitu na Tiana. Kalamu naijua. Darasa la tatu la zamani si la kuchezea.

Haya, hiyo shule. Mimi ndiye niliyesema mjukuu wangu apelekwe shule ya Kikristo, sikatai. Nilidhani nimesema kitu kinachoeleweka. Kwetu ukisema shule ya Kikristo mtu anajua: masista, sala, viatu vimepigwa rangi, na mtoto anasimama mtu mzima akiingia. Hii yenu ina msalaba ukutani, na chini ya huo msalaba watoto wanatembea na soksi na kumwita mwalimu Axel. Axel tu, kama wanamwita mwenzao mpirani. Sala ya asubuhi ni kwa anayetaka. Nimeuliza mara mbili nikidhani nimesikia vibaya. Ni kwa anayetaka, ndiyo sheria. Asiyetaka anakaa pembeni anachora.

Sasa nikueleze siku ile ya mazungumzo ya maendeleo, maana wewe ulikuwa kazini, mkeo Jennifer amekwama kwa wazee anaowauguza, mkanituma mimi. Nimevaa kitenge cha harusi yenu, nimekaa, nasubiri mwalimu aanze. Mwalimu haanzi. Anayeanza ni Tiana. Mtoto wa miaka tisa ndiye mwenyekiti wa kikao: ana karatasi yake, anaonyesha hapa niko vizuri, hapa bado, lengo langu ni hili. Mwalimu anatikisa kichwa kama karani. Mwishoni akasema Tiana anaongea sana wakati wa hesabu. Nikasema moyoni, sasa tumefika. Nikamwambia yale ambayo mzazi yeyote mwenye adabu anamwambia mwalimu anapomkabidhi mtoto: mwalimu, huyu ni wako, akikosea mchape, nyumbani hakuna atakayekuja kukuuliza. Baba yangu alimwambia mwalimu wangu hivyo. Mimi nilimwambia mwalimu wako wewe hivyo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nampa yule kijana heshima yake.

Tiana akaanza kukunja karatasi yake. Nikamwambia atafsiri. Akatafsiri, anaangalia meza. Axel akawa mwekundu mpaka masikioni, akashukuru, akaandika kitu. Kesho yake wamemkalisha mtoto chini, yeye na mshauri wao wa wanafunzi, Mrundi mmoja anaitwa Anastase, wamemuuliza nyumbani kunaendaje. Wiki haijaisha, watu wa ustawi wa jamii, hao mnaowaita soshali, wako sebuleni kwako. Shule ya Kikristo imenishtaki kwa serikali kwa kuwa nimesema maneno ya adabu.

Nimewajibu ukisikia, kwa mkalimani wa kwenye simu: sijamgusa. Mtoto amejitungia. Huku wanafundishwa kusema sema, wakiishiwa ya kweli wanatunga.

Mtoe mtoto shule hiyo.

Mama yako,
Leokadia


Alby, 26 Oktoba 2025

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata. Jumamosi nilikuja mpaka Akalla. Mama Njuguna akaniambia umelala. Ilikuwa saa tano asubuhi, na miguu yako nilikuwa naiona chini ya pazia. Sikutaka kumuaibisha mwenye nyumba, nikaacha mkate na nikaondoka.

Mama, shule haikukushtaki kwa chuki. Nchi hii kumpiga mtoto ni kosa tangu kabla sijazaliwa, hata kwa mzazi, hata kofi moja. Mwalimu akisikia jambo kama lile na akanyamaza, anayekosa ni yeye. Mwezi wa nane nilitia sahihi karatasi yao ya kulinda watoto. Imeandikwa kwamba mtoto akisema ameumizwa, shule haikai kupima kama ni kweli au si kweli, inaandika na kupeleka mbele siku hiyo hiyo. Niliisoma nikiwa juu ya lifti nasubiri kipuri, nikaona ni maneno ya kawaida ya watu wa ofisini.

Uliwaona wale wawili wakiongea na mimi, lakini na Tiana waliongea shuleni, sisi hatupo. Aliyowaambia ndiyo aliyotuambia sisi. Kwamba Jumapili ile ya wageni wa kanisa, mwezi wa tisa, ulimwita bafuni ukampiga. Nimemuuliza Ijumaa, nimemuuliza Jumapili. Maneno yake hayabadiliki. Jennifer anamwamini, na ameniambia hivyo waziwazi mezani.

Mimi sijui nisimame wapi. Ulinilea peke yako. Hujawahi kunidanganya. Ulinichapa, ndiyo, lakini mchana, mbele ya watu, na sababu ukaitaja. Ndiyo maana nilinyamaza pale kwenye kochi. Nilikuwa nasubiri wewe mwenyewe useme, nikiona aibu kukuuliza mbele ya wageni.

Sasa nakuuliza. Ndiyo au hapana? Ukisema hapana, nitasimama na wewe mbele ya mtu yeyote, na sitauliza tena.

Mwanao,
Gabrieli


Akalla, 30 Oktoba 2025

Gabrieli,

Hapana.

Umefika mahali pa kumpima mama yako kwa mtoto wa darasa la tatu. Nimesema hapana, na naapa kwa kaburi la baba yako.

Na kwa kuwa umeuliza, na mimi nadai. Mtoto akimsingizia mtu mzima anaomba radhi. Mkalishe aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili, si kwa mashine. Na shuleni aseme kwamba alitunga. Huyo mkeo mwambie nimemsikia.

Leokadia


Alby, 6 Novemba 2025

Shikamoo Bibi,

Baba amesema niandike kwa Kiswahili na mkono. Baba amekaa hapa karibu lakini haangalii, anaangalia dirisha.

Samahani Bibi kwa sababu nilisema uongo kwamba ulinipiga kwenye bafu. Hukunipiga. Nilitunga. Hilo neno amenipa Baba.

Nimemwambia Axel pia kwamba nilitunga. Axel amesema asante Tiana kwamba umesema. Halafu ameuliza, ulitunga kitu chote, hata maji ya bomba? Nikasema ndiyo hata bomba. Amenipa kazi ya kugawa vitabu.

Mama hakutaka mimi niandike. Mama na Baba hawaongei sana sasa, wanaongea nani ananunua maziwa.

Kitanda chako hakuna mtu. Mama amesema naweza kulala pale lakini sitaki, kinanuka wewe.

Ukirudi nitakujibu kwa Kiswahili kila siku, hata kama kuna wageni.

Tiana

Herufi ni mbaya kwa sababu naandika na mkono wa kushoto. Wa kulia unauma kidogo. Usimwambie Baba, atauliza kama ni kweli.


Stockholm, 13 Novemba 2025

Mama Leokadia, salamu sana,

Jina langu ni Anastase, mshauri wa wanafunzi kwenye shule ya Tiana. Niko nakuandikia kwa ruhusa ya Gabrieli na Jennifer. Kiswahili changu ni cha Bujumbura, utanivumilia.

Juzi Jumanne, kwenye saa ya michezo, mwalimu aliona Tiana anadaka mpira kwa mkono moja. Alimuita pembeni, akaona kifundo cha mkono wa kulia kimevimba. Jennifer aliacha kazi akampeleka hospitali. Mfupa umepata ufa. Wamemfunga plasta, utapona, usiogope. Alianguka kutoka kwenye vyuma vya kuchezea, Jumatano ya wiki iliyopita. Siku sita alikuwa nao hivyo, mikono mirefu ya sweta imevutwa mpaka kwenye vidole.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Axel haulizi maswali magumu, mimi mlango wangu uko wazi, mama yake ni mtu wa kuuguza. Alinijibu kwa Kiswidi, na mimi nakuandikia kama alivyosema: "Mimi ni mtu wa kutunga."

Mama, najua wewe unaona shule hii haina adabu. Mie pia wakati nilianza kazi hapa nilishangaa. Niliuliza wenzangu, mtoto anaongoza kikao, mkubwa anafanya nini? Wakaniambia, mkubwa anasikiliza. Kazi yetu hapa imesimama juu ya jambo hilo moja, kwamba mtoto akiumia aseme. Nyimbo, hesabu, msalaba ukutani, vyote vinakuja nyuma yake. Mtoto akiacha kusema, sisi hatuna kitu cha kumlinda nacho. Karatasi haimlindi.

Mie nilichapwa na walimu wangu huko nyumbani, na walikuwa watu wa sala. Nakumbuka kila moja kwa jina lake. Hesabu waliyonifundisha nimeisahau.

Alhamisi tarehe 20, saa tatu asubuhi, tutakaa na wazazi wake hapa shuleni. Sikuiti uje kujitetea, na sikuiti uje kujishtaki. Tiana aliulizwa anataka nani awepo. Alikutaja wewe.

Kwa heshima,
Anastase


Akalla, 16 Novemba 2025

Gabrieli,

Barua hii anakuletea Mama Njuguna mkononi, posta ya hapa haina haraka. Usimkaribishe chai, mwache aondoke. Kisha mwite Jennifer mkae wote wawili. Soma kwa sauti, yeye asikie. Yeye ndiye aliyemwamini mtoto, na mimi nilimkasirikia kwa hilo.

Nilimpiga.

Usisimame. Kaa.

Jumapili ile, wageni walikuwa Mama Njuguna na wale dada wawili wa kwaya. Mezani kulikuwa na karatasi ya shule, ndiyo hiyo hiyo uliyotia sahihi ya kulinda watoto, na dada mmoja akauliza inasema nini. Ni Kiswidi. Ningesema sijui. Mdomo wangu ukakataa. Nimewaambia watu wa kanisa lile miaka miwili kwamba mimi kwetu nilikuwa mtu wa kusomea watu barua, na ni kweli, nilikuwa naisomea nusu ya kijiji. Nikaichukua karatasi, nikaishika mbali kidogo na macho, nikasema inasema watoto walete viatu vya baridi. Tiana akacheka. Akasema kwa Kiswidi, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisikose: Bibi hajui kusoma hiyo, anasema tu. Wale wanawake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mimi nilicheka nao.

Sikumpiga hapo. Nilingoja wageni waondoke, nikaosha vikombe vyote. Hasira ilikuwa imeshapoa, nikaipasha moto mwenyewe. Nikamwita bafuni, nikafunga mlango, nikafungua bomba mpaka mwisho, nikavua kandambili. Mara ngapi sijui, yeye alihesabu. Miguuni na matakoni. Hakulia kwa sauti, labda aliona bomba akaelewa kwamba hapa hakutakiwi sauti.

Wewe nilikuchapa uani, majirani wanapita, wengine wananiambia ongeza. Wala sikuona haya, na leo sijui kama nilikuwa sawa, hilo tutaongea siku nyingine. Lakini kwako sikufungua bomba. Mtu anayefundisha adabu hana haja ya maji. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba mama yako hakujua sheria, kwamba ni mila zetu, kwamba ni mzee wa kijijini. Nilijua. Wasichana wa soshali waliponiuliza, nilijua. Ulipoandika ndiyo au hapana, nilijua, nikaweka kaburi la baba yako juu ya uongo, na baba yako unamfahamu, hakuwahi kuninyanyulia sauti.

Sasa lililo baya kuliko hilo. Kwenye barua aliyoniandikia Tiana, chini ya jina lake, aliandika kwamba mkono wa kulia unamuuma, na nisikwambie kwa sababu utamuuliza kama ni kweli. Niliisoma Jumamosi. Sikupiga simu. Ningepiga, ungeuliza nimejuaje, ningelazimika kukusomea barua yote, na mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuisoma mara ya pili. Nikaikunja. Jumapili nimekwenda nayo kanisani ndani ya mkoba, nikaimba. Jumatatu nikajiambia mtoto anadeka. Jumanne mwalimu wa michezo akaona. Mtu baki ameona kwa macho, mimi niliandikiwa na nikanyamaza. Mfupa umekaa na ufa siku tatu kwa sababu yangu peke yangu, hizo tatu za mwanzo tunagawana mimi na wewe.

Maana na wewe unayo ya kwako, Gabrieli. Ulimkalisha mtoto aandike uongo na ukamtafutia na neno lenyewe. Ukaangalia dirisha. Unajua kwa nini uliangalia dirisha. Mkono wangu unaujua tangu ukiwa na miaka minne, ukaamua kuniamini kwa kuwa ilikuwa rahisi kumnyamazisha mdogo kuliko kugombana na mkubwa. Sikulaumu zaidi ya hapo, mimi ndiye niliyekufundisha.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini niliishia darasa la tatu. Huwa nasema baba hakutaka wasichana wasome. Si kweli. Mwalimu alinipiga kofi, sikio la kushoto likatoa damu. Nilimwambia mama. Mama akanichukua kesho yake na jogoo mkononi, tukaenda kwa mwalimu, nikapiga magoti nikaomba radhi kwa kumsingizia. Mwalimu akapokea jogoo. Sikurudi tena shuleni, nikasema tumbo linauma, na tumbo likauma mpaka wakachoka kunilazimisha. Mpaka leo ukinisemesha kushoto sisikii, nawe unadhani nina kiburi. Nacho ninacho, lakini si upande huo.

Niliposoma ile radhi ya Tiana nilimwona yule mama yangu na jogoo wake. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, na nina miaka sabini na moja. Jana nilimweleza Mama Njuguna yote, jikoni, anamenya viazi. Nilidhani atanifariji. Hakunifariji. Alisema, kumbe nilikuwa mgeni siku hiyo, na nilicheka, akaendelea kumenya.

Sasa utafanya hivi. Kesho asubuhi piga simu soshali, yule mrefu mwenye nywele fupi, mwambie bibi amebadilisha maneno yake na anataka kuyasema upya. Watafute mkalimani mwenye uso, asiwe wa kwenye simu, nataka mtu anione. Wakisema nisikae tena nyumbani kwenu, nitakaa Akalla, au nitarudi Bukoba, usibishane nao hata kidogo na usiwaombee huruma yangu. Tiana habadilishwi shule. Anabaki pale pale kwa Axel, na niliyoandika ya kumtoa yafute.

Radhi yake nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Si yangu. Mpe, mwambie afanye nayo anavyotaka. Na kabla ya Alhamisi umwombe wewe radhi yako, kwa Kiswidi, lugha anayofikiria nayo, na usimtafutie neno la kukujibu.

Alhamisi saa tatu kasorobo nitakuwa mlangoni pa shule. Nitavua viatu kama wao. Mle ndani nitasema mbele ya Axel na Anastase kwamba mtoto alisema kweli mara ya kwanza na mimi nikasema uongo mara zote. Wewe na Jennifer msinisaidie kusema.

Na Tiana akiingia, asiambiwe aniamkie. Asisukumwe mgongoni, asikumbushwe adabu, asishikwe mkono wake mzima aletwe kwangu. Muacheni asimame anapotaka. Nitasimama mimi, nimwamkie yeye kwanza. Asipojibu, nyote mnyamaze.

Leokadia